Tumegombea Jina la Nyumba, Vyumba Tukaviacha

Ndugu malenga na wapenzi wa lugha, leo naomba ruhusa yenu niviweke kando vina na mizani kwa muda, nizungumze juu ya vipuri vya kompyuta. Najua wapo watakaoguna na kusema kuwa hayo ni mambo ya vijana, na kwamba ukumbi huu ni wa lugha. Miezi michache iliyopita nami ningeguna vivyo hivyo. Lakini neno moja tu, linalotumika kwa maana mbili, lilikaribia kunipotezea beti zaidi ya mia tisa ambazo hazimo mahali pengine popote. Aliyenusurika hana budi kusimulia, wenzake wasije wakapita njia ile ile.

Beti hizo si zangu. Ni za marehemu rafiki yangu, mwalimu mwenzangu, ambaye nilisoma naye Chuo cha Ualimu Korogwe na kufundisha naye Kiswahili kwa miaka mingi. Alikuwa mtungaji wa kimyakimya. Hakupeleka shairi gazetini wala redioni, bali aliandika katika madaftari ya shule, kwa mwandiko mzuri, usiku baada ya kusahihisha. Alipofariki, familia yake ilinikabidhi madaftari saba. Nilipostaafu nikaanza kuyaingiza kwenye kompyuta yangu ya mezani, kwa vidole viwili, na kazi hiyo ikanichukua miaka miwili. Madaftari yenyewe niliyaweka kwenye sanduku la mbao. Siku nilipolifungua tena, mchwa walikuwa wamekwisha kula. Kilichosalia cha rafiki yangu kilikuwa ndani ya ile mashine.

Mtaniuliza kwa nini sikuweka nakala pengine. Sina jibu la kujitetea. Niliwaambia wanafunzi wangu kwa zaidi ya miaka thelathini waweke akiba ya kila kitu, na mimi mwenyewe sikuweka.

Basi kompyuta ikaanza kusuasua. Kwanza ilikuwa nzito. Ningeiwasha, nikapike chai, nikarudi, bado inajifikiria. Kisha ikaanza kujizima yenyewe baada ya robo saa. Nikaipeleka katika duka moja la mjini. Kijana wa dukani, mwenye adabu kabisa, akaiwasha, akaisikiliza, akaigusa ubavuni, akasema, “Mzee, CPU imechoka, inachemka sana. Dawa yake ni kubadilisha CPU.” Nikauliza bei. Akanitajia shilingi laki tatu na nusu, na lile la zamani niwaachie wao. Nikaona ni bei ya haki. Nikaiacha mashine pale, nikatoka kwenda kutafuta fedha.

Njiani nikakutana na mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa ana kibanda cha ufundi Ngamiani.

“Shikamoo, mwalimu.”

“Marahaba, mwanangu. Hujambo?”

“Sijambo. Mbona leo una haraka?”

“CPU ya kompyuta yangu imekufa. Nakwenda kuchukua fedha nibadilishe.”

“CPU ipi, mwalimu? Prosesa au boksi zima?”

Nilisimama. Sikuwa najua kuwa kuna swali la namna hiyo. Akaniuliza tena, “Na zile kazi zako umezihifadhi wapi?” Nikamjibu kuwa zimo ndani ya kompyuta. “Ndani wapi, mwalimu?” Hapo nikakosa neno. Mimi niliyewafundisha watoto kupambanua kiambishi awali na kiambishi tamati, sikuweza kutaja jina la kitu kilichobeba kazi ya maisha ya rafiki yangu.

Tulirudi dukani pamoja, tukaichukua mashine, nikamshukuru yule kijana. Hakuwa mwizi wala mwongo. Kosa lake lilikuwa kosa letu sote. CPU, kwa maana yake halisi, ni prosesa: kijiwe kidogo cha mraba kinachofanya hesabu zote za kompyuta. Lakini kwa wengi wetu, kuanzia ofisini hadi darasani, CPU ni lile sanduku zima linalokaa chini ya meza. Kijana aliponitajia ugonjwa, alikuwa akisema juu ya prosesa. Aliponitajia dawa, alikuwa akisema juu ya sanduku. Neno lilibadilika maana kabla sentensi hazijafika mbili, na katika badiliko hilo diski yenye beti mia tisa ingebaki dukani, ikafutwa, ikauzwa kwa mtu mwingine.

Kibandani, yule fundi akalifungua sanduku mbele yangu, akanitajia kila kitu kwa jina na kwa kazi yake, kama mtu anayemtembeza mgeni nyumbani kwake. Prosesa ilikuwa nzima. Feni yake ilikuwa imevikwa vumbi zito, na ule uji mweupe unaopakwa kati ya prosesa na chuma cha kupoozea ulikuwa umekauka na kuwa kama chokaa. Joto lilikosa pa kutokea, prosesa ikawa inajizima isiungue. Akapuliza vumbi, akafuta uji mkavu, akapaka mpya. Mashine ikawaka, wala haikujizima tena.

Hoja yangu ndiyo hii. Kwa miaka mingi wapenda Kiswahili tumebishana kama tuseme kompyuta, tarakilishi au ngamizi. Mimi mwenyewe nilikuwa upande wa tarakilishi, na niliutetea kwa jazba katika mabaraza mengi. Sioni aibu kwa mjadala ule, kwa kuwa lugha hai hujadiliwa. Lakini wakati tukigombea jina la nyumba, vyumba tuliviacha bila majina, au mbaya zaidi, tukavipa viwili jina moja. Na mtu haendi dukani kununua “tarakilishi” kwa jumla. Anaponunua au anapotengeneza, hununua kitu mahususi, chenye umbo, ukubwa, kizazi na bei. Asipokuwa na jina lake, hununua kwa imani.

Sisi watunzi tunaijua thamani ya majina ya viungo. Mwaka 1954 Sheikh Kaluta Amri Abedi alipochapisha Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, aliziweka kanuni za utunzi katika maandishi, na tangu hapo vizazi vya wanafunzi vimeweza kusema hasa shairi limeharibika wapi. Mwalimu hasemi tu kuwa shairi “limechoka”. Husema kina cha kati kimevunjika, au utao umepungukiwa na mizani moja. Akishataja hivyo, mtunzi anajua pa kutia mkono, na wala hatupi shairi zima. Kwa nini basi tukubali kuambiwa kuwa kompyuta “imechoka”?

Neno la pili linalotupoteza ni memori. Mtu husema, “Memori ya simu yangu imejaa,” akimaanisha mahali pa kuhifadhia picha. Fundi anaposema memori, mara nyingi anamaanisha RAM, ambayo ni kitu kingine kabisa. Neno letu la kumbukumbu nalo limebebeshwa maana zote mbili. Mimi nimezoea kuzitofautisha hivi: RAM ni meza, diski ni kabati. Unapofanya kazi, karatasi huzitoa kabatini na kuzitandaza mezani. Meza ikiwa ndogo, utakuwa ukiamka kila mara kwenda kabatini. Na umeme ukikatika, vilivyo mezani hupotea, vilivyo kabatini hubaki. Mwenye shida ya kabati akisema “memori ni ndogo”, anaweza kuuziwa meza, akarudi nyumbani na shida yake ile ile. Ndiyo maana napendekeza kumbukumbu tuiachie RAM peke yake, na mahali pa kuhifadhia tupaite hifadhi au ghala.

Baada ya kuisafisha mashine, fundi akaniuliza swali ambalo naona ndilo linalopaswa kutangulia kila ununuzi: “Mwalimu, unaifanyia kazi gani?” Nikamwambia naandika, nasoma vitabu vya kielektroniki, nasikiliza sauti nilizorekodi kwa wazee, na kuingia kwenye intaneti. Sichezi michezo, sitengenezi filamu. Akasema basi hatuhitaji kununua vingi, ila tununue vinavyolingana.

Mashine yangu ni ya ofisini, iliyotumika Ulaya kabla ya kufika kwetu. Prosesa yake ni Intel Core i5-3470. RAM ilikuwa GB 4, na diski ilikuwa ya zamani ya GB 500, yenye sahani inayozunguka mara 7,200 kwa dakika. Hapo ndipo ulipokuwa uzito. Diski ya sahani ina mkono unaosafiri huku na huko kutafuta kila kipande cha taarifa, na kompyuta inapowaka huhitaji vipande vidogo maelfu kwa maelfu. SSD haina sahani wala mkono, ni chipu tupu, hivyo haina safari ya kusafiri. Kwa waya ule ule wa SATA uliokuwemo, SSD husoma kiasi cha megabaiti 500 kwa sekunde, ilhali diski ya sahani husoma kama 100 hadi 150, na katika vipande vidogo tofauti huwa kubwa zaidi ya hapo. Mwenye kompyuta ya zamani na fedha kidogo, nasema bila kusita, aanze na SSD. Nilinunua ya GB 240, na chai yangu sasa haipati muda wa kuchemka.

Cha pili ni RAM, na hapa mnunuzi awe na macho. Mashine yangu inapokea DDR3 tu. DDR4 haiingii hata ukilazimisha. DDR3 ya kompyuta ya mezani ina meno 240, DDR4 ina meno 288, na pengo la katikati haliko mahali pamoja. Halafu RAM ya kompyuta mpakato ni fupi, haikai kwenye ya mezani hata kama ni ya kizazi kile kile. Ipo pia RAM iliyotolewa kwenye seva, ambayo huuzwa kwa bei ya kuvutia, lakini aina nyingi za hiyo hazifanyi kazi katika kompyuta za kawaida. Njia ya salama ni kuchomoa kipande kilichomo, kwenda nacho dukani, na kulinganisha. Nilitoa kile cha GB 4, nikaweka viwili vya GB 4 vinavyofanana kabisa, ambavyo madabodi huvisoma sambamba, vikasaidiana kama ukwapi na utao. Jumla ikawa GB 8, na kwa kazi zangu inatosha. Aliye na mfumo wa zamani wa biti 32 asikimbilie kuongeza RAM, kwa kuwa kwa kawaida mfumo huo hauwezi kutumia zaidi ya GB 4. Atakuwa amenunua meza ambayo haiingii mlangoni.

Cha tatu kilikuwa kidogo na cha bei ndogo kuliko vyote, nacho ni betri ya saa. Ni kibetri cha duara kama sarafu, cha volti 3, kinachoandikwa CR2032. Kikiisha, kompyuta husahau tarehe kila inapozimwa. Kwa muda mrefu mashine yangu ilijiona iko mwaka 2012, na mimi nikapuuza. Hasara yake niliiona nilipotaka kujua ni toleo gani la shairi nililisahihisha mwisho. Mafaili yote yalidai kuwa yaliandikwa siku moja, miaka kabla sijastaafu. Kwa mtunza miswada, tarehe si pambo.

Kuna vitu ambavyo sikununua, na kutovinunua nako ni kuchagua. Sikununua kadi ya picha, ingawa mpwa wangu alinishauri. Prosesa yangu ina uwezo wa kutoa picha kwenye skrini bila kadi ya ziada, nami sina kazi inayoidai. Tena kadi kubwa hudai wati nyingi, na pawa saplai za makasha madogo ya ofisini hazikutengenezwa kwa mzigo huo. Anayeongeza kadi bila kusoma kibandiko cha pawa saplai ni sawa na mtunzi anayerefusha ukwapi akasahau kuwa mshororo una mizani 16 tu. Sikubadilisha prosesa pia. Madabodi yangu ina soketi ya LGA 1155, inayopokea prosesa za Intel za kizazi cha pili na cha tatu. Ile ya kizazi cha nne ina soketi nyingine, haikai. Kuweka prosesa ya kizazi kipya zaidi kungenilazimu kubadilisha madabodi, na madabodi mpya huenda ingenilazimu kubadilisha RAM. Hapo ningekuwa nimenunua kompyuta nyingine bila kukusudia.

Hapa nataka kuwatia hamu wenzangu wa sarufi. Majina ya prosesa, yanayoonekana kama fujo ya herufi na tarakimu, yana mofolojia yake. Chukueni i5-3470. Tarakimu ya kwanza baada ya kistari, yaani 3, ni kizazi. Katika i5-12400, kizazi ni 12. Herufi ya mwisho, kama ipo, ni kiambishi tamati chenye maana kamili. T huonyesha prosesa inayotumia umeme kidogo. F huonyesha isiyo na uwezo wa picha ndani yake. Kwa hiyo i5-12400 na i5-12400F zinatofautiana kwa herufi moja tu, lakini anayenunua ya pili bila kununua kadi ya picha atawasha mashine mpya na kukuta skrini nyeusi. Tumezoea kuwaambia wanafunzi kuwa piga, pigwa na pigana si neno moja. Macho yale yale yanatosha kusomea kibandiko cha prosesa. Hatuhitaji shahada ya uhandisi, tunahitaji kukubali kuwa hayo nayo ni maandishi yanayosomeka.

Jambo moja lilinipa mashaka kuliko mengine. Msaada wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa prosesa za Intel inakubali rasmi, isipokuwa chache, kuanzia kizazi cha nane. Yangu ni ya kizazi cha tatu. Je, nilikuwa natia fedha katika mashine iliyokwisha kuhukumiwa? Nilitafakari, nikaamua kuweka Linux pamoja na LibreOffice, ambazo hazinunuliwi na zinakaa vizuri katika mashine za umri huo. Nilipokuwa nikijifunza kuzitumia nikakumbuka kuwa mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili. Yaani miongo miwili iliyopita palikuwa na watu walioketi wakatafuta neno la Kiswahili kwa kila kitufe. Kwa upande wa programu kazi ilianza. Kwa upande wa vipuri, vitu tunavyovishika kwa mkono na kuvilipia fedha, bado tunaparamia.

Na anayetaka kuunda kompyuta mpya kuanzia chini? Ushauri wangu kwa mwandishi ni huu. Achague kwanza prosesa ya kiwango cha kati yenye uwezo wa picha ndani yake, kisha madabodi yenye soketi ya prosesa hiyo, kisha RAM ya aina inayotajwa na madabodi hiyo, isipungue GB 16 kwa mashine ya kukaa nayo miaka mingi. Pawa saplai asiichague kwa bei ya chini, maana ikiharibika vibaya inaweza kuondoka na wenzake. Fedha ya kadi ya picha aihamishie kwenye skrini pana na kibodi nzuri. Macho yetu yamezeeka, vidole vyetu vinauma, na katika mashine nzima hivyo viwili ndivyo vinavyougusa mwili wa mwandishi kila siku. Mwisho, kwa hali ya umeme wetu, anunue UPS, angalau apate dakika chache za kuhifadhi alichoandika na kuzima kwa utaratibu. Mimi yangu niliinunua baadaye, kwa pensheni ya mwezi uliofuata.

Ile diski ya zamani sikuitupa. Fundi aliiweka kwenye kasha dogo la USB, nayo sasa ni hifadhi ya pili. Beti za rafiki yangu zimo katika SSD, zimo katika diski hiyo, na nakala ya tatu iko kwa binti yake. SSD ni ya kasi, lakini inaweza kufa ghafla bila hata kukohoa, ilhali diski ya sahani mara nyingi hutoa mlio kabla. Nakala tatu kwa shairi lisilo na daftari si wingi. Gharama yote ya vipuri na ufundi, ukiacha UPS, haikufika laki moja na nusu.

Najua pingamizi litakalokuja. Msomaji kijana atasema, “Mwalimu, mafundi wote wanatumia maneno ya Kiingereza na wanaelewana. Kwa nini tujisumbue?” Namjibu kuwa hawaelewani, na mimi ni shahidi. CPU ni herufi za Kiingereza, na ndizo zilizonipoteza. Wala sidai kila kitu kibuniwe jina jipya. Prosesa, feni, soketi, diski na madabodi ni maneno yanayotamkika na yanayokubali viambishi vyetu bila ugomvi. Tumeyapokea mengi kabla yake: meza ilitujia kutoka kwa Wareno, kitabu na kalamu kutoka kwa Waarabu, na leo hakuna anayeyaona mageni. Ninachodai ni kidogo zaidi ya hapo na kigumu zaidi ya hapo, kwamba kila kitu kiwe na jina lake na jina hilo lisibebe kitu cha pili. Sanduku liitwe kasha. CPU ibaki kuwa prosesa. RAM iwe kumbukumbu, na diski iwe hifadhi.

Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoanzishwa kwa sheria mwaka 1967, lina wajibu wa kusanifu istilahi, lakini kamusi haiwezi kutangulia ulimi. Maneno ya ujenzi yalitoka kwa waashi, ya ubaharia yakatoka kwa mabaharia, na wana lugha wakayaokota, wakayapiga msasa. Twendeni nasi kwenye vibanda vya mafundi. Tukae kwenye kibao, tusikilize wanavyosema, tuwaulize maana, na palipo na neno moja kwa vitu viwili tupendekeze la pili. Walimu mlio madarasani, katika somo la msamiati wa teknolojia msiishie kwenye kipanya na tarakilishi kama nilivyoishia mimi. Fungueni kasha moja bovu mbele ya wanafunzi, mtaje kilichomo.

Nafunga kwa ubeti mmoja, ambao nimeupiga kwa kompyuta ile ile, chini ya beti za rafiki yangu:

Ewe mwenzangu simama, usikimbie dukani,
Fungua kasha tazama, kilichomo mle ndani,
Taja jina lake vyema, kila kitu kwa makini,
Asiyejua kusema, atanunua gizani.